Safu ya Jumatano

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Injinia alikuwa na kazi tatu: kuchemsha chai, kumpelekea mama maji ya kumwogeshea mtoto, na kutunga uzi kwenye sindano sita za bibi yake. Kazi hiyo ya tatu ilianza mwaka huo. Bibi alikuwa mshonaji tangu usichana wake, na mikono yake ilikuwa bado mizima, lakini macho yalikuwa yameingia ukungu. Alishona kwa kupapasa, na uzi wa sindano moja ukiisha, alichukua sindano nyingine.

"Nyumba hii ina watoto wawili," bibi alipenda kusema. "Mmoja analia kutwa. Mwingine ni huyu mtoto wa jicho, anayenizuia nisimwone mwenzake."

Aliyelia kutwa alikuwa mdogo wake Injinia, mwenye wiki tatu tangu azaliwe. Bibi alimjua kwa vidole tu. Alikuwa amempapasa pua akatangaza kwamba ni pua ya marehemu babu, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Jambo lililompa furaha ni kwamba daktari wa upasuaji wa macho, ambaye hufika hospitali kuu mara moja kila miezi minne, alikuwa anakuja Jumatano ya wiki iliyofuata, na jina la bibi lilikuwa kwenye orodha ya wagonjwa.

"Watoto wachanga hubadilika kila wiki," alisema. "Nataka nimwone huyu kabla hajawa mtu mwingine."

Jina la Injinia lilitoka kwa bibi huyohuyo. Msichana huyo akiwa na miaka saba aliifungua redio mbovu akaifanya iseme, ingawa skrubu mbili zilibaki mezani na hadi leo haijulikani zilitoka wapi. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa mwanachama wa klabu ya kompyuta shuleni. Muhula huo mwalimu wa kompyuta alikuwa amewapa wanafunzi shindano: watengeneze programu ya simu itakayowavutia watu kupanda basi, maana barabara ya mbele ya shule ilikuwa imejaa magari na moshi hata madirisha ya madarasa hayafunguki.

Injinia alifikiri vizuri, hilo tusimnyime. Aliona kwamba watu hawalichukii basi. Wanachukia kusubiri bila kujua watasubiri hadi lini. Programu yake ingewaambia basi linafika saa ngapi. Kwa wasioona vizuri, kama bibi, aliweka kitufe kikubwa ambacho ukikibonyeza unasikia sauti yake mwenyewe ikitaja saa. Na kwa kuwa watu wasipobembelezwa hukimbilia pikipiki, saa ikipita kidogo sauti ilisema: "Subiri kidogo, basi li njiani."

Kazi ngumu ilikuwa kuzipata hizo saa. Mwalimu alisema kila mmoja akae kituoni kila asubuhi kwa wiki tatu na kuandika. Injinia alichora daftari lake safu saba, moja kwa kila siku. Jumatatu alikaa, Jumanne alikaa. Jumatano ilinyesha mvua, na blanketi lilikuwa na joto zuri. Akanakili saa za Jumanne kwenye safu ya Jumatano. Basi ni lilelile, aliwaza, na dereva ni yuleyule. Wiki ya pili haikunyesha, lakini safu ya Jumatano si ilikuwa imeshajaa? Na wiki ya tatu hakujiuliza hata swali hilo.

"Umekaa kituoni siku zote saba?" mwalimu alimuuliza siku ya kukusanya kazi.

"Ndiyo, mwalimu."

Programu yake ilishika nafasi ya kwanza, akapewa cheti. Iliwekwa kwenye simu za wazazi, na bibi akaomba iwekwe kwenye yake.

Jumanne jioni, kabla ya siku ya upasuaji, bibi aliuliza basi la kwanza linapita saa ngapi kesho. Injinia aliikumbuka ile safu ya Jumatano. Aliwaza kwamba likipishana ni dakika mbili tatu, basi.

"Bonyeza kitufe, bibi."

Bibi akabonyeza. Sauti ya Injinia ikasema: "Saa moja kasoro dakika ishirini."

"Sawasawa. Nitatangulia kwa dakika kumi." Baba alikuwa safarini na lori lake, na mama hakuweza kutoka na mtoto, lakini kituo kilikuwa chini tu ya nyumba na basi linashusha mlangoni mwa hospitali. Kumbe mipango mizuri nayo huweza kusimama juu ya safu moja ya uongo.

Injinia aliporudi kutoka shule kesho yake, alitarajia kumkuta bibi na bandeji kwenye jicho. Alimkuta ameketi kitandani na gauni lake la safari, viatu miguuni, mkoba magotini. Hapakuwa na bandeji. Mama alieleza kwa sauti ya chini. Basi halikutokea. Mwashi mmoja wa jirani alipita na pikipiki akasema, "Bibi, panda nikusogeze," naye akamjibu, "Asante baba, mjukuu wangu anasema li njiani." Alibonyeza kile kitufe mara nyingi. Basi alilolipata ni la saa tatu kasoro, na alipofika hospitali majina yalikuwa yameshaitwa na orodha imefungwa. Aliambiwa arudi baada ya miezi minne.

"Labda nilisikia vibaya," bibi alisema. "Macho yamekwenda, sasa na masikio yanayafuata."

Injinia alikuwa na nafasi ya kusema palepale. Hakusema. Alijifariji kwamba pengine basi liliharibika, na kwa wiki nzima aliishi kwa faraja hiyo. Wiki nzima bibi naye alikuwa akisema kila neno mara mbili, na kuwaomba watu wapaze sauti, kwa kuwa alijiona kiziwi. Kila alipofanya hivyo Injinia alitamani ardhi immeze.

Jumatano iliyofuata alitoka alfajiri akaenda kituoni. Aliomba basi lifike saa ileile aliyoirekodi. Lilifika saa kumi na mbili na dakika ishirini, limejaa matenga.

"Mbona mapema?" alimuuliza kondakta.

"Leo si siku ya gulio? Kila Jumatano tunatoka mapema tupitie sokoni. Miaka yote ndivyo hivyo. Mtu yeyote wa hapa angekwambia, dada."

Injinia hakupanda. Alirudi nyumbani, akapiga magoti mbele ya kiti cha bibi, akasema yote: mvua, blanketi, safu, na lile "ndiyo, mwalimu". Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye aliiona ndefu kuliko njia zote alizowahi kupita.

Sindano ya bibi ilisimama kwenye nguo.

"Kwa hiyo masikio yangu ni mazima," bibi alisema.

"Mazima kabisa, bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini nisikilize. Sisi tusiojua basi linafika saa ngapi, huwa tunawahi. Ungeniambia hujui, ningekuwa kituoni tangu saa kumi na moja. Kutojua kwako kusingenidhuru. Kilichoniponza ni wewe kujifanya unajua." Kisha akanyoosha mkono apewe sindano nyingine.

Shuleni, Injinia alirudisha cheti mwenyewe, mbele ya klabu nzima. Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia afute safu ile kwenye simu za watu wote siku hiyohiyo. Injinia alirekodi sauti mpya: "Jumatano sijaipima. Tafadhali wahi mapema." Halafu akakaa kituoni Jumatano sita mfululizo, mbili kati yake mvua ikinyesha, ndipo akaijaza.

Miezi minne ilipita. Siku ya daktari Injinia aliomba ruhusa shuleni amsindikize bibi. Alimhakikishia kwamba basi linapita saa kumi na mbili na dakika ishirini, na kwamba amelipima. Bibi alisema anamwamini. Hata hivyo, Injinia alipoamka saa kumi na moja, alimkuta ameshavaa viatu. Naye akavaa vyake, na wote wawili wakaenda kukaa kituoni gizani.

Kesho yake bandeji ilitolewa hapohapo hospitalini. Mama alimleta mtoto, ambaye sasa alikuwa na mashavu, na alishika kila kitu kilichomkaribia. Bibi alimtazama muda mrefu kwa jicho lake jipya, akacheka, akapangusa chozi.

"Huyu ni mzee mwenzangu. Yule wa wiki tatu alikuwaje?"

Injinia alimtafutia picha kwenye simu, simu ileile yenye kile kitufe. Bibi aliisogeza karibu.

"Nywele zilikuwa nyingi hivi? Vidole vyangu havikuniambia." Aliitazama tena, kisha akamrudishia. "Picha ni nzuri, mjukuu wangu, lakini picha haikutazami. Kosa lako umelirekebisha, na umelirekebisha vizuri. Wiki zile ndizo hazirekebishiki. Ndiyo maana nakwambia: ulichokipima, kiseme. Usichokipima, acha pengo, na useme ni pengo. Mtu hawezi kupotezwa na pengo aliloambiwa lipo."

"Nimesikia, bibi."

"Haya, mbebe mdogo wako twende. Leo ni Alhamisi. Basi linapita saa ngapi?"

Saa za kituo cha nyumbani Injinia alizijua zote. Hapa hospitalini hakuwahi kupima.

"Sijui, bibi," alisema.

Bibi akaushika mkono wake. "Basi tuwahi."