Mama Mkwe Ndani ya Mtumbwi

"Oguttu, panda! Tunachelewa!"

Hakupanda. Alisimama majini pale Majanji, suruali kaikunja hadi magotini, ramani yangu kwapani, akautazama mtumbwi kama umejaa nyoka. Halafu akageuka, akarukia boda boda, akaenda zake. Mwaka mzima wa mapenzi, naachiwa vumbi!

Kisiwani Siabuto watu walikuwa wanatusubiri. Tulitaka kujenga kituo cha kutafiti ziwa, na wageni waje kujionea. Mimi, binti wa Kisoko, huko bara, ndiye niliyekichora. Oguttu, mtoto wa ziwa, ndiye wa kuwaeleza watu kwa Kisamia, maana Kisamia changu kinaishia kwenye salamu. Wasipokubali leo, wafadhili wanahamia kisiwa kingine.

Nikapiga simu. Ikaita tu. Nikapiga tena, akakata.

Nikaandika: "Kama hunitaki, sema. Usiniaibishe mbele ya mama."

Jibu likaja: "Ni kwa sababu ya mama."

Roho iliniuma. Mama yangu, Apio, alikuwa hapo hapo mtumbwini. Yeye huanika mukene kisiwani, wale dagaa wetu wadogo, na nilimwalika aje awasemee waanikaji wenzake.

"Mama, Oguttu amekimbia. Anasema ni kwa sababu yako."

Mama akautazama ubao aliokalia. Palibaki nafasi ya mtu mmoja, ubavuni kwake.

"Wewe Scovia! Hii nafasi ilikuwa ya nani?"

"Yake. Hakuna nyingine."

"Mungu wangu! Huyu si ndiye naleta ng'ombe kwetu mwezi ujao? Mtumbwi ikiyumba, mimi nashika nani? Nashika mkwe?"

"Mama, hayo ya mkwe kutomgusa mama mkwe ni mambo ya zamani."

"Ya zamani! Mtoto ya watu amekimbia kwa heshima, wewe nasema hakutaki."

Nilitoa simu kwa aibu. Nikampigia tena. Simu imezimwa.

Kisiwani, mwenyekiti wao Ajambo hakunipa hata maji.

"Scovia, ramani iko wapi?"

"Inakuja."

"Inakuja na miguu yake?"

Watu wakacheka. Saa nzima nilitembea ukingoni, narudi, natembea tena. Wengine walishaanza kuinuka, wakikung'uta nguo, nilipouona mtumbwi wa mukene ukitia nanga. Akashuka Oguttu, magamba hadi kwenye nyusi, ramani kaifunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki.

"Ulinikatia simu!"

"Ningekuambia vipi, na mama anasikia? Nimetafuta mtumbwi mpaka nimechoka. Yeye amekaa wapi?"

"Mbele kabisa."

"Basi mimi naongea nyuma ya stoo."

Na kweli, akaongea nyuma ya mabati ya stoo. Tulisikia sauti tu, mimi nikiinua ramani watu waione. Mwishoni mama akasimama, akaniambia mimi, ingawa swali halikuwa langu:

"Uliza huyo mtu, mukene yetu tutaanika wapi?"

Nikaitazama ramani. Jengo nililichora juu ya uwanja wao wa kuanikia. Niliona mchanga mtupu, kwa sababu siku ya vipimo ilikuwa ya mvua na mukene hawakuwa nje. Oguttu aliijua ramani hiyo. Akiificha kasoro, mradi unapita leo.

Alikohoa nyuma ya mabati. Kisha:

"Scovia, mwambie mama ukweli. Tumekosea. Hiyo ni uwanja yao."

Nikamchukia kidogo, nikampenda kuliko jana. Nikatoa penseli, nikalifuta jengo mbele ya wote, nikalichora upya juu, kwenye mawe.

Ajambo akainamia karatasi, akafuata mistari kwa kidole. Akamtazama mama yangu.

Mama akajifunga leso vizuri.

"Scovia, ambia mkwe yangu, sisi tumekubali."

Hakuwahi kumwita mkwe wake mbele ya watu. Nyuma ya stoo kitu kilianguka, nadhani ni yeye.

Jioni mama alirudi na mtumbwi wa mbele. Mimi nilijibana kando ya Oguttu katikati ya magunia ya mukene.

"Unanuka."

"Mwezi ujao naoga, nikileta ng'ombe."

Mtumbwi ukayumba. Nikamshika yeye.