Mashua ya Kreti Moja ya Bia

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, saa kumi na nusu jioni, stesheni ya treni ya Nørreport ilikuwa imefurika watu, baiskeli na mvua. Kila aliyeshuka ngazi alishuka na maji yake. Katikati ya msukumano huo alisimama mwanamume mrefu mwenye koti la sufu la bluu, skafu ya rangi ya maziwa na viatu laini vya ngozi. Mtu safi kabisa, ila alikuwa amekumbatia ubao mchafu, mrefu kama mtoto wa miaka kumi, uliochongwa jina: ALVILDA.

Treni ikaingia, watu wakasukumana, naye akageuka. Ncha ya ubao ikamgonga mwanamke kichwani na kuiangusha kofia yake ya njano.

"Samahani! Samahani sana! Nimekuumiza?"

"Umeniamsha," alisema yule mwanamke, akiikung'uta kofia. Alivaa ovaroli la rangi ya chungwa lenye mabaka meusi, na buti zilizochoka. Alinukia lami, na kwa sababu hiyo abiria walikuwa wamempisha nafasi ya kutosha watu watatu. Hakumtazama mwanamume. Alitazama ubao. "Huu umeutoa wapi?"

"Ni wa mashua yangu." Mwanamume alivimba kidogo kwa fahari. "Ya kuvulia samaki. Nimeinunua leo. Mwaloni mtupu, futi arobaini."

"Inaelea?"

"Bado. Kwa sasa ni ganda tu. Haina injini, nusu ya sitaha haipo..."

"Mkuku wake, ule uti wa chini, uliuchoma kisu?"

"Kisu cha nini?"

Mwanamke alicheka mpaka akashika nguzo. "Amenunua mashua ya mbao bila kuchoma kisu! Kisu kikizama, imeoza. Kikigoma, nzima. Ulimpa nini muuzaji?"

"Kreti moja ya bia."

"Umepunjwa."

Aliitwa Thyra, fundi wa mashua katika karakana ya mzee Preben. Mwanamume aliitwa Asger, daktari wa meno. Thyra alipitiliza vituo viwili ili aendelee kumcheka, na Asger, ambaye hakuwa amezoea kuchekwa, aligundua kwamba hataki akome.

Jumapili walikwenda kulitazama ganda. Lilikuwa limeegemezwa kwenye magogo katika bandari ya kusini, kati ya vibanda na matrela mabovu, kijivu kama mfupa. Thyra akalizunguka na kisu. Akachoma huku, akachoma kule, huku Asger akimfuata kama ndugu wa mgonjwa.

"Mbao sita zimeoza, na mataruma manne, hizi mbavu za ndani," alisema mwishowe. "Mkuku ni mzima. Una bahati usiyostahili."

"Mjane aliyeniuzia alitaka ahadi moja tu. Isichomwe moto."

"Na chama cha bandari kinasemaje?"

Asger akashusha sauti. "Kimenipa mpaka Sankt Hans."

Thyra alipiga mluzi. Usiku wa Sankt Hans, tarehe ishirini na tatu Juni, kila ufuko una moto wake, na kila chama kinahangaika kutafuta kuni. Svend-Aage, mwenyekiti wa chama, alikuwa ameshalipima ganda lile kwa macho. Likielea kabla ya siku hiyo, Asger angepata nafasi ya kuishi ndani yake katika mfereji, nafasi ambayo kwa kawaida mtu huipata mwingine akifa. Lisipoelea, ni kuni.

"Nisaidie," alisema Asger.

"Mimi siku yangu ya kuzaliwa ni hiyo hiyo tarehe ishirini na tatu," alisema Thyra. "Natimiza thelathini, na sina mume. Unajua watakachonifanyia pale karakana?"

"Kinu cha pilipili."

"Kinu cha pilipili! Mapipa matatu ya mafuta yaliyobebanishwa mbele ya mlango wangu, na mimi kumwagiwa pilipili, kama kila anayefika thelathini bila ndoa. Kwa hiyo ndiyo, nitakusaidia. Siku hiyo nataka niwe majini."

Majira ya baridi yale yalikuwa ya mkate mweusi wenye maini ya kusaga, kahawa ya chupa, na vidole visivyohisi kitu. Alvilda alikataa kila kitu. Misumari ilikatika vichwa, ubao mpya ulipasuka siku ileile ulipopindwa, turubai lilipeperushwa na upepo mara tatu. Asger alivaa ovaroli jipya lililomfanya aonekane kama tangazo la duka, mpaka Thyra akampaka lami kifuani kwa makusudi.

"Sasa umekuwa mtu," alisema.

"Hii haitoki!"

"Ndiyo maana nimekupaka, hazina yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Asger aligonga kidole gumba kwa nyundo na hakusikia maumivu mpaka jioni.

Mwezi wa nne Preben alimtuma Thyra visiwa vya Faroe kwa wiki tatu. Kazi iliyokuwa imebaki kwenye mashua ilikuwa kubwa lakini moja: kutia kalafati, yaani kushindilia nyuzi za pamba na katani katika kila mshono kati ya ubao na ubao. Upepo mkavu wa masika ulikuwa umelikausha ganda, na mishono ilikuwa imefunguka mpaka kidole kidogo kinaingia.

"Mishono usiiguse," alisema Thyra, begi begani.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema. Nitakosa ndege."

Wiki ya kwanza Thyra alipiga simu kila jioni.

"Unafanya nini, mpenzi?"

"Nipo tu."

"Mbona unahema?"

"Nimepanda ngazi."

Wiki ya pili Asger alikuwa "kwa mama", ingawa nyuma ya sauti yake upepo ulikuwa ukipiga turubai. Wiki ya tatu Asger alicheka peke yake kwenye simu. "Ukirudi utaona. Nimekuandalia kitu."

"Asger, sipendi vitu vya kuandaliwa."

"Hiki utakipenda."

Thyra alirudi Jumamosi, akapitia bandarini kabla hata ya kuoga. Asger alikuwa amesimama mbele ya ganda na maua ya tulipu mkononi. Nyuma yake, kutoka omo mpaka tezi, kila mshono ulikuwa umezibwa kwa gundi ya kijivu, laini, iliyosuguliwa msasa, ngumu kama jiwe.

"Wiki mbili na nusu," alisema Asger. "Kila siku baada ya wagonjwa. Haipiti hata tone, nakuapia."

Thyra alipitisha ukucha kwenye mshono. Ukucha ulivunjika.

"Umefanya nini?"

"Nimeziba. Tundu ni tundu, Thyra, mimi ndiyo kazi yangu..."

"Haya si meno! Mbao zimekauka, umesikia? Zikiingia majini zinavimba. Zinataka nafasi ya kuvimbia, kitu laini kinachobonyea. Wewe umezijaza mawe! Zitasukumana mpaka mataruma yavunjike. Umeivunja mashua ikiwa bado nchi kavu!"

Tulipu zilishuka polepole mpaka zikaelekea chini.

"Hukuniambia kwa nini," alisema Asger. "Nilikuuliza. Ulisema 'kwa sababu nimesema.' Nami sikuwa mtoto wakati ule, Thyra, wala sasa."

"Na ule uongo wa 'niko kwa mama'?"

"Nilitaka ufurahi!"

"Basi nimefurahi!" Thyra alipiga kelele. Alichukua nyundo yake ya kalafati na patasi zake zote, akazitia begini, akaondoka. Asger aliongea na mgongo wake mpaka ulipopotea nyuma ya matrela. Kisha akalipiga ganda teke, naye ndiye aliyeumia.

Simu zikaanza. Alipiga mara nne siku ya kwanza, Thyra hakupokea. Siku ya tano Thyra alipiga yeye, Asger alikuwa na mgonjwa aliyefungua mdomo. Alipompigia baadaye, Thyra alikuwa ameshakasirika upya. Mara moja tu waliongea.

"Nataka kukuuliza jinsi ya kuitoa ile gundi," alisema Asger.

"Huwezi kuitoa."

"Sikuuliza kama naweza."

"Basi kata katikati ya mshono, usiguse kingo za ubao. Ukigusa kingo, mwite Svend-Aage aje na kiberiti." Akakata simu, kisha akalala na viatu miguuni, akiwa na hasira na kila mtu kuanzia yeye mwenyewe.

Mei ikaisha. Wenzake Thyra walianza kununua pilipili manga kwa siri isiyofichika, wakipiga chafya. Siku ya pili ya Juni Preben alikuja na kikombe chake cha kahawa na kuegemea mlango.

"Daktari wako anang'oa," alisema.

"Anang'oa nini?"

"Nenda ukaone mwenyewe. Mwezi mzima sasa. Watu wanakwenda kutazama kama sinema."

Alikwenda baada ya kazi, akasimama mbali. Asger alikuwa amechuchumaa chini ya tumbo la mashua, taa ya kliniki kwenye paji la uso. Kwa msumeno mdogo alikata mstari katikati ya gundi, kisha kwa kichokonoo cha chuma cha kuchokolea meno akachokoa kipande kwa kipande, bila kugusa ubao. Vidole sita kati ya kumi vilikuwa na plasta. Lile ovaroli la dukani lilikuwa limepasuka magotini. Upande mzima wa kushoto ulikuwa umeshasafishwa, na kingo za mbao zilikuwa kali na nzima, kazi safi ambayo Thyra mwenyewe asingeifikia.

Thyra alitoa nyundo begini.

"Sijakusamehe," alisema.

Asger aliruka, akagonga kichwa kwenye mkuku. "Sijaomba."

"Shika taa vizuri, basi. Na nitakuambia kwa nini tunaanzia chini. Nitakuambia kwa nini ya kila kitu, mpaka uniombe ninyamaze."

"Sitakuomba."

Siku ishirini na moja. Asger aking'oa mbele, Thyra akishindilia nyuma. Walizomeana, walirushiana nyuzi, siku moja hawakusemezana kuanzia asubuhi hadi magharibi. Mshono wa mwisho ulijazwa tarehe ishirini na mbili, mvua ya manyunyu ikinyesha.

Asubuhi ya Sankt Hans, saa tatu, kreni ilimnyanyua Alvilda kwa mikanda miwili mipana. Svend-Aage alikuwapo, kofia ya unahodha kichwani. Na pale ukingoni, kwa aibu ya Thyra, wenzake sita walikuwa wamesimamisha mapipa matatu yaliyobebanishwa, yamepakwa rangi nyeusi, na mpini wa bomba juu. Kinu cha pilipili kama nyumba.

"Thelathini! Thelathini bila mume!" waliimba.

"Nyamazeni, nina kazi!"

Mashua iligusa maji. Thyra na Asger waliruka ndani. Kwa dakika moja sakafu ilibaki kavu. Halafu maji yakaingia, si kwa tone, kwa mistari, kutoka kila upande.

"Inazama!" Asger alipiga kelele.

"Inakunywa. Ndivyo zinavyofanya. Zikishakunywa zinavimba, zinajifunga. Washa pampu!"

Pampu mbili ziliwaka. Maji yalifika vifundoni, yakafika magotini. Saa tano yalikuwa bado magotini, na pampu moja ikakohoa, ikafa.

Dereva wa kreni aliinama ukingoni. "Saa sita nina kazi kwingine! Niachie mikanda au niinyanyue?"

"Ukiinyanyua, saa kumi na mbili jioni nakuja na petroli," alisema Svend-Aage, bila ubaya, kama mtu anayetaja ratiba ya treni.

Asger alikuwa akichota kwa ndoo, nywele zimeganda usoni. "Thyra, ni kosa langu. Ungepata mwezi mzima zaidi wa kuilowesha."

"Nusu ni langu. Chota!"

Pale juu wenzake hawakujua la kufanya na sherehe yao. Mmoja, ili kupunguza huzuni, alizungusha mpini wa kinu, na wingu la vumbi la kahawia likamwagikia Thyra kichwani. Alifumba macho akingoja yawashe. Hayakuwasha. Akalamba mdomo.

"Hii si pilipili."

"Ya juu tu ndiyo pilipili," alisema Preben kwa aibu. "Ni ghali. Ndani tumejaza unga wa mbao wa karakana."

"Mapipa yote matatu?"

"Yote."

"Kileteni hapa hicho kinu! Na ndoo, na fito ndefu!"

Wenzake walielewa kabla hajamaliza. Waliangusha mapipa, wakajaza ndoo zilizofungwa kwenye fito, wakazizamisha chini ya tumbo la mashua na kuzipindua. Unga ulipanda ukiambaa kwenye mbao, na maji yaliyokuwa yakinyonywa ndani yaliubeba mpaka kwenye kila mwanya, ukakwama hapo. Asger aliweka kiganja kwenye mshono uliokuwa ukimwaga. Ulitiririka, ukadondoka, ukanyamaza. Akaweka kwenye mwingine.

Saa sita kasoro dakika saba, pampu moja iliyobaki ilikuwa ikishinda. Thyra alinyanyua mkono.

"Achia mikanda!"

Mikanda ililegea. Alvilda aliyumba kidogo, akatulia.

Asger, akinuka lami na pilipili, alipiga goti ndani ya maji, kama mtu anayeposa. "Thyra..."

"Usithubutu. Kelele hizi zote, na mimi nina unga masikioni. Kesho asubuhi. Ikiwa bado inaelea, kesho asubuhi."

Jioni Svend-Aage alichoma zile mbao sita zilizooza na vitanda vya mbao vilivyotupwa, na mwanga wake ulifika mpaka kwenye sitaha ambapo wawili walikuwa wakipokezana pampu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Asger alikuwa kwenye foleni ndefu ya duka la mikate, ovaroli limekakamaa, watu wamempisha nafasi ya kutosha watu watatu. Simu ikalia.

"Uko wapi?"

"Foleni ya mikate, mpenzi. Imezama?"

"Nimezima pampu tangu saa kumi. Nimelala chini ya sitaha, na mgongo wangu ni mkavu. Basi?"

"Basi nini?"

"Asger, usinikasirishe asubuhi hii. Uliza."

Asger aliuliza, hapohapo, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na foleni nzima ikageuka, mkono wa muuzaji ukasimama hewani na mkate wake.

Upande wa pili alisikia maji yakigonga mbao polepole.

"Ndiyo," alisema Thyra. "Umepunjwa."