Ute Kwenye Vitambaa

Mimi si mtu wa kinyaa. Niseme hilo mapema, msije mkadhani nadeka. Nimefua mashuka ya wagonjwa. Nimefua aproni za mchinjaji zilizokakamaa kwa damu. Nimefua nepi za mapacha wa jirani, waliokuwa wakiharisha kwa kupokezana kana kwamba wamepangiana. Nikimaliza nanawa, nakaa, nakula vizuri tu.

Lakini vile vitambaa vya jumba la sinema vilinishinda.

Vilikuwa vyeupe, vya pamba, vya kuenea kiganjani. Jumba lile lilikuwa na utaratibu wake. Ukiingia kutazama ile filamu, mama wa mlangoni anakupa kitambaa. Ukitoka, unakirudisha kwenye kapu lake. Watu walimwita Mama Vitambaa. Alikuwa mnene, mpole, midomo imelowa muda wote. Kila mtu alimsifu. Nani mwingine angekujali hivyo, akajua utalia hata kabla hujakaa kitini?

Maana watu walilia kweli. Filamu yenyewe ilihusu mji wa siku zijazo, ambako serikali inachukua watoto. Akina mama wanapanga foleni mbele ya lango la chuma, wanawakabidhi watoto kwa mikono yao wenyewe, na ni lazima watabasamu. Atakayedondosha chozi, naye anachukuliwa. Kwa kuwa akina mama wale hawakuruhusiwa kulia, watazamaji waliwalilia.

Mchinjaji wetu, mtu anayepasua mifupa huku akipiga mbinja, alinisimulia akiwa ameshika kifua.

"Dobi, nililia mpaka nikaona aibu," akaniambia. "Halafu nikatoka mwepesi! Nakwambia, mwepesi kama sina deni na mtu."

Wiki ile ile alimzika mama yake mzazi. Nilikuwepo mazikoni. Alisimama kando ya kaburi akichokonoa meno kwa njiti.

Nilidhani anajikaza kiume.

Vitambaa vilinifikia vikiwa na ute. Ute mzito unaovutika, kama ute wa yai, na harufu ya kinywa cha mtu aliyeamka sasa hivi. Nikajiambia ni makamasi, watu wanalia, nilitegemea nini? Nikawa naloweka na kukamua, na ute unapita katikati ya vidole vyangu, wa baridi, ukining'inia hadi kwenye beseni. Jambo moja tu lilinitatiza. Machozi yana chumvi, na kitambaa chenye chumvi kikikauka hukakamaa. Hivi havikukakamaa hata kimoja. Nililiona hilo, nikalipuuza, nikaongeza sabuni.

Kisha nikaanza kukuta fundo.

Katika kila furushi palikuwa na kitambaa kimoja kilichofungwa fundo kwenye ncha, fundo dogo lililokazwa kwa meno. Mwenye fundo hilo nilimjua. Mdogo wangu, tangu tukiwa watoto, akilia lazima afunge fundo kwenye chochote alichoshika. Gauni lake, shuka letu, hata nywele zangu nikiwa nimelala.

Tulikuwa tukiishi pamoja, yeye na mimi na binti yake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema. Tulimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza. Baba yake Chiriku alikuwa amefariki, na mdogo wangu alimlilia kila jioni hadi nikazoea kulala na sauti ile. Ghafla akaacha. Nilimshukuru Mungu, nikasema amepoa. Kumbe kilio kilikuwa kimehamia sinema.

Siku moja Chiriku akaanguka ngazini, akapasuka mdomo. Damu, makelele, nyumba nzima ikasimama. Mama yake alikuwa mbele ya kioo anasuka nywele. Akageuka, akamtazama mwanawe. Akarudi kwenye kioo.

"Wewe! Mtoto anavuja damu!"

"Naona, dada," akasema taratibu. "Atanyamaza."

Hakuwa amekasirika. Hakuwa amechoka. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumzia mvua. Nilimsafisha mtoto mwenyewe, naye akaning'ang'ania shingoni akiita, "Mama mkubwa, mama mkubwa," na mimi nikaogopa kwa mara ya kwanza, bila kujua ninaogopa nini.

Kesho yake jioni nilikunja vitambaa safi nivipeleke. Jua lilikuwa linazama, wenye maduka wanavuta milango. Nikachungulia chumbani kumuaga mtoto. Kitanda kitupu. Viatu vyake havipo.

"Wameenda sinema," jirani akanijulisha kutoka dirishani. "Mama Vitambaa kamwambia leo amlete na mtoto."

"Chiriku akatazame nini kule?"

"Hata mimi nilishangaa."

Nikaweka furushi kwapani, nikaongeza mwendo. Njiani nilijisemea nitamtoa mtoto, nimrudishe nyumbani, na mama yake nimpashe. Hilo tu. Sikuwa na wazo jingine.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Kiti cha Mama Vitambaa kilikuwa kitupu, na kapu halikuwepo. Nikasukuma pazia, nikaingia.

Giza. Joto la pumzi za watu. Na ile harufu… ile ile ya kwenye beseni langu.

Filamu ilikuwa imefika langoni. Kwenye skrini mwanamke alikuwa anamvika mwanawe sweta, anafunga vifungo kimoja kimoja, anarudia kuvifunga upya ili apate muda. Huku anatabasamu. Askari anamtazama machoni. Kisha mtoto akauliza, "Mama, utakuja kunichukua saa ngapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kilio.

Sijawahi kuona vile. Nesi wa zahanati alikuwa amejikunja kitini, mabega yanaruka. Mwalimu mmoja, mkali anayeogopwa na mtaa mzima, alikuwa anaita mama yake. Wachumba wawili wamekumbatiana, kila mmoja kajifunika kitambaa chake. Na mimi, ambaye sikulia kwa wazazi wangu, sikulia kwa shemeji yangu, maana nyumba yenye mmoja anayelia inahitaji mmoja wa kupika… nilisimama pale kwenye njia nikalia kama nimefunguliwa koki. Nikavuta kitambaa safi juu ya furushi, nikajifuta. Kikalowa chote.

Hapo ndipo nikasikia.

Fyooonz…

Nyuma yangu, kwenye kona.

Fyooonz… fyooonz…

Nikageuka polepole. Mama Vitambaa alikuwa ameketi chini, amepakata kapu. Alikuwa na vitambaa vya onyesho lililotangulia, vingi, vimelowa. Alichukua kimoja, akakisokota, akakiingiza kinywani chote. Mashavu yakabonyea ndani. Akafyonza huku amefumba macho, koo likipanda na kushuka. Kisha akakitoa taratibu, kikavutika na ute wake mrefu unaong'aa, akakitupa pembeni na kuchukua kingine.

Hayakuwa makamasi.

Yalikuwa mate yake.

Miezi yote ile nilikuwa nimetumbukiza mikono kwenye mate ya yule mama. Nilikuwa nimeyakamua. Nilikuwa nimejikuna pua na vidole vile, nimemlisha Chiriku kwa vidole vile. Nikatapika papo hapo, kwenye sakafu, kwenye viatu vyangu. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Walikuwa wanalia.

Niliponyanyua kichwa, kona ilikuwa tupu.

Alikuwa anatembea kati ya viti, bila sauti, mwili wote ule. Akasimama kwenye safu ya tatu. Nikamwona mdogo wangu pale, mtoto mapajani, kitambaa mkononi. Mama Vitambaa akanyoosha mikono.

"Lete," akanong'ona.

Na mdogo wangu akamnyanyua Chiriku.

Akatabasamu.

Tabasamu lile lile la kwenye filamu. Na macho makavu, jamani, makavu kabisa, kitambaa chake kikiwa kimelowa.

Chiriku akaanza kulia kwa woga. Yule mama akamsogeza usoni mwake, akatoa ulimi. Mpana, mweupe, umejaa utelezi. Akampitishia taratibu kutoka kidevuni hadi jichoni. Akasimama hapo jichoni. Akameza.

"Ya mtoto," akasema kwa kunong'ona, kama mtu anayeongea na chakula. "Hayajaguswa na mtu."

Nilirukia viti. Nilikanyaga watu. Nikamshika Chiriku kiunoni nikavuta, naye yule mama hakuachia.

"Dobi," akasema kwa upole, "umechelewa kuleta vitambaa."

"Mwachie."

"Mama yake amenipa. Hana tena cha kumlilia. Wa nini kwake?"

"Ni wetu. Mwachie!"

Akaninusa. Nasema akaninusa, pua ikitetemeka, kutoka shingoni hadi mkononi. Macho yake yakatua kwenye kitambaa nilichokuwa bado nimekikamata.

"Basi niachie hicho."

Nani angefikiri mara mbili? Mimi ni dobi. Kitambaa kwangu ni kitambaa, tena kilikuwa chake. Nikamtupia usoni. Akakidaka, na mikono yake ikamwachia mtoto mara moja, kama mtu aliyeona kitu bora zaidi. Nikamkumbatia Chiriku kwa mkono mmoja, mwingine nikamkamata mdogo wangu, nikawaburuta hadi nje. Pazia likafunga nyuma yetu. Fyooonz… nikaisikia, ndefu kuliko zote. Ghafla kifua kikawa chepesi.

Mwepesi kama alivyosema mchinjaji.

Nyumbani nilimwogesha Chiriku mara kadhaa hadi shavu likawa jekundu. Mdogo wangu alikaa kitandani akitazama ukuta. Kitambaa chake chenye fundo alikuwa ametoka nacho, amekifumbata ngumini. Nilimfumbua vidole, nikampangusa nacho uso, nikambonyezea machoni hadi akasema namwumiza. Sijui nani alinifundisha. Nilitumaini tu kuwa kilichokuwemo kilikuwa bado chake.

Kwanza hakuna kitu. Kisha kidevu kikatetemeka.

"Dada," akasema. "Mwanangu alipasuka mdomo."

"Ndiyo."

"Nilimtazama tu! Dada, nilikaa nikamtazama!"

Akamvuta Chiriku kifuani, akalia kwa sauti, kilio kibaya chenye kwikwi, huku anafunga fundo kwenye gauni la mtoto. Nilijua huo ndio wakati wa kufurahi. Nilisimama mlangoni nikingoja furaha ifike. Nikaona tu jinsi kamasi ilivyomchuruzika mdogo wangu hadi mdomoni, na roho ikanichafuka. Nikaenda kulala.

Asubuhi kulikuwa na furushi mlangoni, na Mama Vitambaa kando yake, midomo inang'aa.

"Yako yalikuwa makali, dobi," akasema kwa staha. "Yalikaa sana. Nilihisi mpaka masikioni."

Nilipaswa kupiga kelele. Nilipaswa kumtupia beseni. Nilitafuta hasira ndani yangu, nikatafuta woga, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha ugenini. Nikauliza:

"Unavitaka lini?"

Mdogo wangu alisikia. Siku hiyo hiyo akafunga nguo zake na za mtoto. Alinibembeleza, alinishika magoti. Alichukua kile kitambaa chenye fundo akanifuta nacho machoni, akafuta, akafuta, lakini hakikuwa changu.

"Twende wote, dada. Utapona huko. Twende."

"Nina kazi," nikamjibu. Kweli nilikuwa nayo.

Siwezi kuwaeleza yule mama ni kiumbe gani. Jumba lipo mpaka leo, filamu inaonyeshwa, watu wanatoka wakicheka na kuambiana kwamba ni filamu kali, kila mtu aitazame. Mtaa umetulia sana. Watoto wanaanguka ngazini na hakuna anayekimbia. Mimi nafua. Kati ya vyote nilivyokuwa navyo moyoni amenibakizia kinyaa peke yake. Labda hakupenda ladha yake.

Siku ile ya kuondoka, Chiriku alihangaika kunifikia kutoka mgongoni mwa mama yake. Alinyoosha mikono yote miwili, uso umelowa wote.

"Mama mkubwa! Utakuja kunichukua saa ngapi?"

Nikamtazama. Machozi, mate, kamasi imefika kwenye kile kidonda cha mdomo, vyote vimechanganyika, vinadondoka kidevuni.

Nikatabasamu, maana alikuwa ananitazama. Kisha nikafunga mlango haraka, nisije nikatapika.