Shangazi Bucha Apiga Hodi

Nyumbani walimwita Kiherehere, kwa sababu alikuwa akinyanyuka kabla hajatumwa. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, alimpelekea baba yake maji ya kunawa, akamvalisha shati, kisha akamwekea chai kando ya kitanda.

Baba alikuwa fundi wa mapaa. Siku moja ngazi iliteleza, akaanguka, mguu wake wa kulia ukasagika. Madaktari waliukata chini ya goti. Hospitalini alipewa mguu wa bandia, lakini aliuficha nyuma ya mlango na kuufunika kwa koti.

"Baba, jaribu kuuvaa leo," Kiherehere alimbembeleza.

"Niache, mwanangu. Mimi sasa ni mzigo tu."

Mama alipokwenda hospitalini kuchukua dawa, nesi alimweleza kuhusu kikundi cha watu waliopata ajali ambao hutembeleana. Jumamosi mmoja wao akapiga hodi. Alikuwa mama mnene mwenye bucha sokoni, na watu walimwita Shangazi Bucha. Aliketi, akapandisha gauni kidogo na kugonga mguu wake: ko, ko, ko!

"Wangu ulisagwa na lori," alisema. "Huu mpya, mbu akiuuma anavunjika mdomo!"

Kiherehere aliangua kicheko. Baba hakucheka.

"Fundi," Shangazi Bucha akauliza taratibu, "vidole vya mguu uliokatwa, bado vinakuwasha?"

Baba aliinua uso ghafla. "Kumbe na wewe? Nilidhani nimerukwa na akili! Sijamwambia hata mke wangu."

"Huna wazimu, ndugu yangu. Wengi wetu tunawashwa hivyo hivyo."

Wakazungumza kwa muda mrefu. Koo lilipomkauka, Baba aliomba maji. Kiherehere akaruka.

"Keti, mwanangu," Shangazi Bucha alisema. "Atayafuata mwenyewe."

"Ataanguka!"

"Akianguka, tupo hapa."

Baba alisita. Kisha akaomba aletewe ule mguu. Shangazi Bucha alimwonyesha namna ya kuvuta soksi ya kigutu isijikunje. Baba akauvaa, akasimama, akayumba, akashika ukuta. Jasho lilimtoka. Kiherehere alibana mikono yake magotini ili asimkimbilie. Hatimaye Baba alifika kwenye mtungi, akanywa maji akiwa amesimama.

"Maji matamu haya!" alisema, machozi yakimlengalenga.

Tangu siku hiyo alijiunga na kikundi. Alirudi kazini pia, akipima na kukata mbao chini huku vijana wakipanda juu. Siku za mapumziko alikwenda wodini kuwatembelea majeruhi wapya.

"Mama, mbona Baba hakutusikiliza sisi?" Kiherehere aliuliza.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," Mama alijibu. "Sisi tulimpenda, lakini alihitaji mtu aliyeumia kama yeye. Nasi tulikosea, mwanangu. Tulimfanyia kila kitu hadi akaamini hawezi lolote. Anayeinuka msaidie, ila mwachie nafasi ainuke."