Aliyesoma Mbele Yake

Mvua ilikuwa inanukia. Dobi alipanda ngazi za nyuma hadi juu ya paa bapa la nyumba yao, kikapu kiunoni, kwenda kuanua mashuka ya nyumba ya wageni kabla hayajalowa. Kigiza kilikuwa kinaingia. Alikuwa amefika katikati ya kamba aliponusa rangi.

Rangi mbichi. Na tapentaini.

Hakuna aliyekuwa akipaka nyumba mtaani. Harufu ile aliijua kwa mtu mmoja tu, mumewe aliyekuwa fundi rangi, na mumewe alikuwa kaburini tangu mvua zilizopita. Alianguka kazini mchana kweupe, na wenzake waliapa kwamba kamba ya jukwaa haikukatika. Ilifunguka.

Nyuma ya shuka la mwisho, mtu akapiga mluzi... ule mluzi wa mumewe wa kurudi nyumbani, wa sauti mbili, ya pili ikishuka.

Dobi hakuitika. Aliyaacha mashuka yaning'inie, akashuka ngazi mbio.

Lile neno, ilifunguka, ndilo lililokuwa likimla mama mkwe wake. Nani aliifungua? Kikongwe hakulala kwa swali hilo. Ndipo jirani yao, msusi, mwanamke mwenye ulimi mtamu, akaja na ushauri wake: ng'ambo ya soko kulikuwa na mama anayewapandisha wafu, wakasema wenyewe kilichowaua. Dobi alikataa. Alisema Neno la Mungu limekataza kuwaendea wafu kwa mambo ya walio hai, na kwamba mfalme Sauli alimwendea mwanamke kama huyo, na kesho yake hakuliona jua likizama.

Msusi alicheka. Alisema Sauli alikuwa na ufalme wa kupoteza, wao walikuwa na nini?

"Ni mumeo, shoga," alimwambia. "Mungu anaelewa. Utamwogopa mumeo mwenyewe?"

Maneno yale yalimchoma, maana na yeye alikuwa na kiu. Angetoa chochote asikie hata kikohozi cha yule mwanamume. Lakini alishika lake, akadhani yameisha.

Hayakuwa yameisha. Alipoingia ndani jioni ile, alimkuta mama mkwe ameketi mlango ukiwa wazi. Shati la kazi la marehemu lilikuwa limevishwa mgongo wa kiti, vifungo vyote vimefungwa. Kikongwe alikiri bila kuulizwa. Alikwenda na msusi. Aliambiwa akivishe kiti shati, aache mlango wazi, na marehemu akibisha, mkewe ndiye aanze kuitika.

Dobi alinyoosha mkono aufunge mlango.

Nyayo zikasikika ngazini.

Hazikuwa na haraka. Zilishuka kama za mtu aliyechoka na kazi, zikasimama kizingitini. Hakuonekana mtu. Harufu ya rangi ilijaa chumba, na chini yake nyingine, ya udongo uliolowa.

"Mke wangu," sauti ilisema. Ilikuwa yake. Hata kule kukwaruza kwake. "Nimechoka... Nikaribishe."

Machozi yalimtoka dobi. Ulimi wake ulikuwa tayari umeinuka kuitika. Aliuma meno, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Mama mkwe akapiga magoti. Mtu mzima, mbele ya mkwe wake.

"Itika, mwanangu," alinong'ona. "Nakuomba kwa maziwa niliyomnyonyesha."

"Mama, nakupenda," dobi alisema. "Hili siwezi."

Kikongwe aliinuka. Kisha akageukia mlango.

"Karibu, baba."

Kitu baridi kilipita katikati yao. Shati kitini likajaa, kifua na mikono, kama linapovaliwa... kisha likanywea.

Tangu siku hiyo mama mkwe hakuwa peke yake chumbani kwake. Jioni zilisikika sauti mbili, ya kwake na ya mwanawe. Mwanzoni alicheka kama msichana. Baadaye akaanza kukonda, mashavu yakabonyea, maana kila alipouliza nani alifungua kamba, sauti ilimjibu atamwambia kesho. Msusi alianza kupita njia nyingine. Wanawake wa kanisani, kwa nia njema, walimshauri dobi afungashe aondoke, yasije yakampata na yeye. Aliwauliza Ruthu alimwachia nani mkwewe. Wakaondoka.

Aliweka kigoda nje ya mlango wa chumba. Kila jioni, akishamaliza kupiga pasi, alisoma Biblia kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, tangu mwanzo wa Mwanzo. Alipokuwa akisoma, sauti ya kiume ndani ilinyamaza. Ndio muda pekee ambao kikongwe alipata usingizi.

Ikafika jioni ya Mambo ya Nyakati, zile sura za majina matupu, wana wa fulani na wana wa fulani. Dobi hakuwahi kuzisoma. Alijikongoja, akijikwaa kwenye kila jina.

Katikati ya mstari, sauti ndani ikasoma naye.

Alinyamaza. Yenyewe haikunyamaza. Ilimtangulia, jina baada ya jina, bila kukosea. Alifuatisha kwa kidole, na kila jina lilikuwepo. Lakini haikuyataja kama mtu anayesoma. Iliyataja taratibu, kwa upendo kidogo, kama mtu anayewakumbuka.

Kisha sauti ikakoma. Nyuma ya mlango, karibu kabisa na tundu la kitasa, mama mkwe alinong'ona.

"Mkwe wangu... Mwanangu hakujua kusoma."

Dobi alijua. Ni yeye aliyekuwa akimsomea mumewe hata vibandiko vya makopo ya rangi.

"Huyu ni nani niliyelala naye chumba kimoja?" kikongwe aliuliza. "Nitoe."

Kitasa kilikuwa cha baridi na kizito. Dobi alisukuma kwa bega akilitaja jina la Yesu, akasukuma tena, hadi mlango ukaachia. Alimbeba kikongwe mgongoni kama mtoto, akatoka naye.

Mchungaji alikuja akaomba chumbani. Shati walilichoma. Mama mkwe alitubu kwa kilio, na sasa anakula na uso umeanza kujaa. Aliyefungua kamba hajajulikana, na hawaulizi tena.

Jioni wanasoma wawili, kwa zamu, wakiwa wamekaa bega kwa bega. Mmoja akikaribia mwisho wa mstari, mwenzake anaudaka unaofuata papo hapo. Hawaachi nafasi hata ya kuvuta pumzi.

Waliwahi kuiacha mara moja. Mstari ukaendelea kwa sauti ya tatu.