Aliyemsimamia Bibi

Kiti kililia sebuleni alasiri moja, na hakuna mtu aliyekuwa amekikalia.

Chiriku alikuwa jikoni akisugua sufuria. Aliijua sauti ile. Ndivyo kiti kinavyolia bibi yake anapoinuka, na wakati huo bibi yake alikuwa chumbani, anakoroma.

Tangu aache shule, Chiriku alikuwa na kazi moja kubwa kuliko zote: kuhakikisha Bibi anaketi na kusimama mara thelathini kila siku, amevaa mkanda pajani. Mkanda ulihesabu, ukapeleka hesabu hospitali kwa njia ya simu, na kila Jumatatu daktari wa viungo alipiga simu. Mgonjwa asiyefikisha aliondolewa kwenye mpango, mkanda akapewa mwingine. Na Bibi akiachwa alale tu, hatainuka tena. Daktari alilisema hilo bila kuficha.

"Thelathini za nini, kwani naenda vitani?" Bibi alizoea kulalamika. "Simama wewe mwenye magoti mapya."

Sasa, jana yake, baada ya kumbembeleza mpaka koo likamkauka, Chiriku aliutundika mkanda kwenye kiti kitupu. "Anayeweza kumsimamia bibi yangu amsimamie," alisema. "Mimi nimechoka."

Lilikuwa neno la uchovu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Kiti kikalia siku baada ya siku, na Jumatatu daktari alicheka kwenye simu. "Bibi yako ni chuma. Mara mia mbili kwa siku!"

Chiriku hakumsahihisha. Aliogopa mkanda usichukuliwe. Ila Bibi alikuwa anakonda kuanzia kiunoni kushuka, mapaja yamelegea kama nguo mbichi.

"Mjukuu wangu," Bibi alinong'ona, "kuna mtu anaitumia miguu yangu. Naisikia inachoka, nami nimelala."

Alasiri hiyo Chiriku akaenda sebuleni, jua likiwa bado dirishani, akapokewa na harufu ya udongo mbichi na jasho la mtu asiyemjua, akauona mkanda ukielea hewani kwenye kimo cha paja, ukishuka na kupanda, ukishuka na kupanda, na mto wa kiti ukibonyea kila uliposhuka, na kiti kikilia, naye akataka kukimbia lakini akamkumbuka aliyelala chumba cha pili, akabaki.

"Mwachie bibi miguu yake," alisema kwa sauti ndogo.

Mkanda ukatulia.

"Uliniita mwenyewe," sauti ikajibu, kavu, isiyo na hasira. "Ulinipa kazi, hukunipa miguu. Nikachukua iliyokuwa karibu. Nikiiacha hii, nitumie ya nani?"

Chiriku aliitazama miguu yake, iliyokuwa imesimama tangu alfajiri kwenye jiko, kwenye ndoo na kwenye kamba ya nguo.

"Yangu."

Mkanda ukaanguka.

"Chiriku," Bibi aliita, na mara akatokea mlangoni, amesimama mwenyewe, mkono mmoja ukutani, anacheka kama mtoto aliyeiba sukari. "Mtazame bibi yako. Mbona umekaa chini?"

Chiriku alikuwa sakafuni kweli. Alijaribu mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Haikumsikia. Nyuma yake kiti kilianza tena, taratibu.

Bibi alikuja hatua kwa hatua, amemnyooshea mkono. Chiriku alijua anapaswa kulia. Lakini hakuwa ameketi tangu alfajiri, na kwanza akafumba macho apumzike.