Maji ya Kupandia Karthala

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rahamatou alikuwa akisimama kando ya birika kubwa la kuhifadhia maji katika ua wa mama yake mkubwa, Bi Echat, mtaani Badjanani mjini Moroni, akingoja kupimiwa maji. Alipewa ndoo moja ya kuogea na kopo moja la kupigia mswaki. Baada ya hapo Bi Echat alilifunika birika, akalitia kufuli, na ufunguo akaufunga katika pindo la leso yake. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa muda mrefu, na birika hilo halikuwa na maji mengine ila ya mvua.

Rahamatou, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa bado hajayazoea maisha hayo. Kwao kulikuwa Hombo, Mutsamudu, katika kisiwa cha Ndzuani, ambako mto hupita mjini na wanawake hufulia nguo humo. Aliletwa Moroni, katika kisiwa kingine, mwaka ule wa 1983 ili asome. Darasani wengi waliyacheka matamshi yake ya Ndzuani, na kila alipojibu swali palikuwa na mtu wa kumwigiza.

Kwa hiyo, siku Nadjati, rafiki yake wa pekee, na Fakri, binamu yake Nadjati, walipoanza kuzungumza juu ya kuupanda mlima Karthala wakati wa likizo, Rahamatou alisema jambo ambalo halikuwa kweli. Alisema kwamba ameshaupanda mara nyingi Ntringui, mlima mrefu wa Ndzuani. Ukweli ni kwamba alikuwa ameutazama tu kutoka uani kwao. Fakri, aliyekuwa bingwa wa kumwigiza, siku hiyo alimsikiliza kwa heshima.

Attoumane, kaka yake Nadjati, aliyekuwa akisomea ualimu, alikubali kuwaongoza kwa sharti kwamba wagawane matayarisho. Nadjati alipewa chakula, Fakri makoti na tochi, na Rahamatou, kwa kuwa ni mzoefu wa milima, akapewa maji. Attoumane mwenyewe alichukua kazi iliyokuwa ngumu zaidi, yaani kutafuta ruhusa. Siku hizo njia ya mlimani ilikuwa na kizuizi cha askari, na wakubwa wa askari hao walikuwa mamluki, Wazungu wa kukodiwa, waliokuwa wameingia nchini mwaka 1978. Watu wazima waliwataja kwa sauti ya chini. Attoumane alikwenda na kurudi mara kadhaa, akangojeshwa juani, na hatimaye akapewa ruhusa ya Alhamisi tu. Alionywa asije kuomba nyingine.

Attoumane alipouliza habari ya maji, Rahamatou alijibu kwamba yako tayari.

Hayakuwa tayari. Aliona haya kumwomba mama mkubwa maji wakati kila kopo lilikuwa likipimwa, na tena hakuona haja ya kuyaomba. Mito yote ya kwao ilishuka kutoka milimani. Alidhani ukame wa Moroni ulikuwa wa mjini tu. Mlima mkubwa kuliko yote visiwani ungekosaje vijito? Alitia chupa moja kikapuni, akaridhika.

Alasiri ya Jumatano, Bi Echat alimchukua kwenda Mvouni, kijiji kilichoko kwenye mteremko wa Karthala, kumjulia hali jamaa yake aliyejifungua. Nyuma ya nyumba hiyo mwanamke mmoja alikuwa akikatakata shina la mgomba na kumtupia ng'ombe vipande. Ng'ombe alivitafuna huku majimaji yakimtiririka mdomoni. Rahamatou akauliza kwa nini hapewi majani.

"Majani atapewa baadaye," akasema Bi Echat. "Hayo ndiyo maji yake ya kunywa."

"Kwani hawampeleki mtoni?"

"Mto gani, mwanangu? Kisiwa hiki hakina mto. Mvua ikinyesha, mawe ya volkano huinywa yote. Hata ukipanda mpaka kileleni, hutakuta kijito."

Njiani kurudi, Rahamatou aliwaza afanye nini. Akisema kweli, safari ingevunjika na ruhusa isingepatikana tena. Fakri angemcheka mbele ya darasa zima, na Nadjati huenda asimtake tena. Akinyamaza, watu wanne wangepanda mlima mkavu na chupa moja. Alifikiri ajifanye mgonjwa, kisha akatambua kwamba wenzake wangekwenda bila yeye, na bila maji vilevile.

Kabla ya magharibi alifika nyumbani kwa akina Nadjati. Aliwakuta wote watatu wakifunga mizigo.

"Kaka Attoumane, maji hayapo," akasema. "Nilisema uongo. Na Ntringui sijapata kuupanda."

Fakri alikuwa wa kwanza kuinua kichwa. "Kumbe mlima wenyewe uliopanda ni ngazi za mitaani kwenu Mutsamudu," akasema, akacheka peke yake.

Nadjati aliiacha mihogo aliyokuwa akiifunga. "Hata mimi ulinidanganya?"

"Hata wewe."

Attoumane hakumkemea. Alisema kwamba birika lao lingeweza kutoa maji kidogo tu, na kwamba bila maji ya kutosha hapatakuwa na safari. Akamwambia aende kwa Bi Echat, akamweleze kama alivyowaeleza wao.

Bi Echat alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua kufuli. Alijaza dumu moja kwa mkono wake mwenyewe, akaanza kujaza la pili. Rahamatou, machozi yakimtoka, alimkumbusha kwamba nyumba ingepungukiwa.

"Tutaoga kwa kopo," akajibu Bi Echat. "Nayapima ili yawepo siku yanapohitajika. Siyapimi ili mwanangu aogope kuniomba."

Waliondoka Alhamisi baada ya sala ya alfajiri. Penye kizuizi, askari mmoja wa kigeni aliisoma ruhusa, akapekua vikapu, akafungua dumu moja na kulinusa. Hakuona cha kumzuia mtu, akawapungia mkono wapite. Walipita msituni, kisha kwenye vichaka vifupi, kisha juu ya mawe meusi yaliyowaka jua. Hawakukuta kijito. Rahamatou aliwagawia maji kikombe kwa kikombe, na yeye akanywa wa mwisho.

Adhuhuri walifika ukingoni. Ukungu ulipofunguka waliliona shimo la volkano chini yao, pana na kimya. Kisha Fakri akasema washuke humo ndani, kwani palionekana karibu. Attoumane alimgeukia Rahamatou.

"Maji yamebaki kiasi gani?"

Yeye pia alitamani kushuka, pengine kuliko Fakri. Dumu moja lilikuwa limekwisha. Aliliinua la pili, akalitikisa.

"Ya kurudia tu. Tukishuka humo, hayatatosha."

Fakri alimtazama kidogo, akainama kukaza kamba za viatu. "Basi turudi," akasema.

Kabla hawajaanza kuteremka, Attoumane aliwakalisha. "Uliponiambia maji yako tayari, nilikuamini bila kutazama kikapu," alimwambia Rahamatou. "Leo pia nimekuamini bila kutazama dumu. Wadogo zangu, msafiri huyatia maisha yake katika neno la mwenzake. Uongo wa Rahamatou ulikuwa mdogo alipousema, lakini ungetukuta hapa juu tukiwa na kiu na mbali na watu. Jana alijitia aibuni kwa hiari yake, nasi tumefika salama. Anayejua kusema kweli mapema, nitapanda naye mlima wowote."

Rahamatou aliinama kulichukua dumu. Nadjati alikuwa ameshalishika upande mmoja wa mpini, naye akashika upande wa pili, wakaanza kuteremka.